Neno Moja Lililozaa Picha Tatu

Katika picha iitwayo The Exorcist, ambayo William Friedkin aliiongoza kutokana na riwaya ya William Peter Blatty na ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1973, pana mazungumzo mafupi baina ya askofu na mkuu wa chuo, wawili wanaotafakari ni padri gani apelekwe nyumbani kwa mtoto aliyepagawa. Na katika mazungumzo hayo hutajwa kwa kupitia tu kwamba padri mzee Merrin aliwahi kumpunga mtu pepo huko Afrika, yapata miaka kumi au kumi na miwili nyuma, kwamba kazi ile ilichukua miezi, na kwamba nusura imtoe roho. Neno hilo halichukui hata nusu dakika, na mtazamaji halipi uzito, kwa kuwa limewekwa pale kwa haja moja, nayo ni kutujulisha kuwa mzee anayekuja anaijua kazi na kazi inamjua. Walakini ni neno hilo hilo lililokuja kuchokolewa na wenye makampuni ya sinema kwa karibu miaka thelathini, hata zikatolewa picha tatu, moja iliyochekwa, moja iliyozomewa, na moja iliyofungiwa kabatini na wenyewe walioilipia. Mintarafu ya picha hizo ndipo nilipokusudia kuandika, maana nimezitazama zote, na nchi iliyokimbiliwa kila hikaya ilipokauka ni nchi yetu.

Ubovu wa mwendelezo haudhihiriki mpaka ijulikane asili ilikuwa na nini. Friedkin alikuwa ametoka katika picha za habari za kweli, na hadithi ya pepo aliipiga kana kwamba anapiga tukio la gazetini: nyumba ya matofali katika mtaa wa Georgetown mjini Washington, mama mcheza sinema aliyeachana na mumewe, binti wa miaka kumi na miwili, na madaktari wanaomdunga mtoto sindano ya shingo ili wauchunguze ubongo wake, tendo ambalo watu wengi wamekiri kuwa liliwageuza uso zaidi kuliko lolote alilolitenda pepo. Chumba cha kulala kilijengwa ndani ya studio kikapozwa kwa mitambo mpaka pumzi za wachezaji zikaonekana zikifuka vinywani, kwa sababu mwongozaji hakutaka baridi ya kuigiza. Max von Sydow, aliyemcheza Merrin na ambaye hakuwa ametimiza miaka 45, alizeeshwa na Dick Smith, fundi wa kupamba nyuso, hata hadhira ikaamini kuwa ni shaibu wa kweli. Na ile sauti nzito inayotoka kinywani mwa mtoto ilikuwa ya Mercedes McCambridge, mwanamke mtu mzima. Picha ilipendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar ikapata 2, na kabla yake hapakuwa na picha ya kutisha iliyopata kupendekezwa kuwa picha bora ya mwaka. Aghalabu watu husifu kichwa kinachozunguka na matapishi ya kijani. Mimi husifu subira yake, kwani sehemu kubwa ya picha hupita katika hospitali na majadiliano, mama akigonga mlango huu na ule, kabla ya mtu yeyote kuthubutu kumwita padri.

Desturi ya kuizalisha picha iliyouza haikuanzia hapo. King Kong alionyeshwa New York mwezi wa Machi mwaka 1933, na kabla ya mwaka huo huo kwisha kampuni yake ilikwisha mtoa mwanawe katika Son of Kong, picha fupi iliyotengenezwa kwa haraka na kwa fedha pungufu. Kampuni ya Universal nayo ilimfufua zimwi wa Frankenstein mara baada ya mara, hata mwaka 1948 akakutanishwa na wachekeshaji Abbott na Costello, na pale khofu yake yote ikaisha. Ni kweli kwamba James Whale, kwa Bride of Frankenstein ya mwaka 1935, aliongeza badala ya kupunguza. Lakini Whale ndiye aliyekuwa mwenye picha ya kwanza, na alirudi akiwa bado ana jambo la kusema.

Warner Bros. walipotaka sehemu ya pili ya The Exorcist, Friedkin na Blatty hawakuwamo. Mtayarishaji wake, Richard Lederer, alikuja kueleza bila kificho kwamba nia ya awali ilikuwa kutengeneza picha ya bei rahisi, ambamo padri mmoja angewahoji wale waliohusika na mkasa, na mapengo yangejazwa kwa vipande vya picha ya kwanza vilivyosalia bila kutumika, yaani makombo ya karamu yapashwe moto yaandaliwe upya. Laiti wangeshika nia hiyo, wangepata picha hafifu, ikasahauliwa upesi, na hakuna ambaye angeisema vibaya wala vizuri. Badala yake kazi ilikabidhiwa kwa John Boorman, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa Deliverance mwaka 1972, mtu ambaye alikwisha pewa nafasi ya kuongoza picha ya kwanza akaikataa, kwa hoja kwamba ilikuwa hadithi ya kumtesa mtoto. Hapa ndipo palipo na ajabu ya kisa hiki: amana ikawekwa mikononi mwa mtu aliyeichukia, na yeye, kwa uaminifu wa nafsi yake, hakukusudia kuiendeleza bali kuijibu. Akachukua fikra za Pierre Teilhard de Chardin, padri wa Kijesuiti aliyekuwa pia mtaalamu wa visukuku na aliyeitakidi kuwa akili za wanadamu zinaelekea kuungana ziwe kitu kimoja, akataka picha ya kutisha iwe mahubiri juu ya wema.

Mchezo uliandikwa na William Goodhart, kisha Boorman na Rospo Pallenberg wakaufumua wakaushona upya, hata upigaji picha ulipokwisha anza. Ngazi za Georgetown, zilizopata umaarufu kwa picha ya kwanza, hazikupatikana, zikajengwa za bandia studioni. Linda Blair, aliyemcheza Regan, yule mtoto aliyepagawa, na ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alikataa kupakwa tena ule uso wa pepo, ikabidi mwingine apakwe badala yake. Boorman mwenyewe akashikwa na maradhi ya mapafu yatokanayo na kuvu wa vumbi la California, na kazi ikasimama kwa majuma. Pamoja na mashaka hayo, ukiyatazama majina huwezi kuamini kuwa waliweza kukosea: Richard Burton ndiye Padri Lamont, Louise Fletcher aliyekuwa ametoka kupokea Oscar ndiye daktari wa akili, James Earl Jones ndiye Kokumo, mtu aliyepungwa na Merrin huko Afrika alipokuwa mtoto, na muziki ni wa Ennio Morricone.

Niliitazama kwa mara ya kwanza katika mkanda wa video nyumbani kwa jamaa zetu Tanga, sebule imejaa wakubwa kwa wadogo, na baadhi ya wale wakubwa waliwahi kuiona picha ya kwanza na hawakutaka kuulizwa walilala vipi usiku wake. Hazikupita dakika nyingi ikaletwa mashine. Mtoto na daktari wamevishwa mikanda kichwani, taa inawaka na kuzima mbele yao, chombo kinatoa mlio ule ule, na kwa njia hiyo akili ya mmoja inaingia katika akili ya mwenziwe. Na Burton, ambaye sauti yake ilikuwa fahari ya majukwaa ya Uingereza, ameikodolea taa ile macho na jasho linamtoka, akisema maneno ambayo hata yeye, naamini, hakuona haja yake. Baadaye padri akasafiri hadi Afrika, wenyeji wakampiga mawe, na wakati uo huo Regan, aliyekuwa akicheza ngoma ya viatu vya kugonga mbele ya watu huko Marekani, akaanza kupinda na kuanguka kwa kila jiwe lililompiga padri. Nilitazama huku na huku. Shangazi alikuwa ameshika shela mdomoni, si kwa khofu, na punde sebule nzima ikaangua kicheko ambacho watoto walikidaka bila kujua sababu yake.

Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo aliyelelewa katika mitaa ambayo ngoma za pepo zilipigwa mpaka alfajiri, na kwa muda mrefu alikuwa akikaza macho kama anayesikiliza kesi.

“Tangu ile ya kwanza wanampigia kelele,” akasema, “wanamtia maji, wanamfukuza. Mbona hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini?”

Swali hilo lilinifaa kuliko tahakiki nyingi nilizozisoma. Katika desturi ya pwani, tangu Lamu hadi Unguja na Mrima, mgonjwa aliyepandwa na pepo huitwa kiti, na kazi ya kwanza ya mganga ni kumtaka aliyekikalia kiti hicho ajieleze: ni nani, ametoka wapi, ni wa kabila gani la pepo, na ana haja gani. Kila pepo ana ngoma yake na nyimbo zake, ana ubani wake na chano chake cha vyakula, na akikwisha tamka haja yake hupatanwa naye, mara nyingine aondoke, mara nyingi abakie kwa masharti, na mgonjwa atimize ahadi kila mwaka. Sisemi kwamba itikadi hii ni bora au duni kuliko ile ya Kanisa la Roma, wala wanazuoni wetu wa dini hawakuiridhia kamwe. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia ndani yake hutazama picha kama hizi kwa jicho la mwenye ufundi, na jicho hilo halidanganyiki kwa taa zinazometa. Picha ya kwanza ilimshika mjomba kwa sababu mapadri wake walikuwa na taratibu, na taratibu ile ilikuwa na gharama. Katika ya pili alitafuta taratibu hakuiona.

Lakini insafu inanilazimu kusema neno juu ya nzige, ambao ndio roho ya picha ile. Boorman alimfanya pepo, ambaye hapa anaitwa Pazuzu kwa jina la kale la Mesopotamia, kuwa mtawala wa nzige, na Kokumo akamfanya mwanachuoni anayewachunguza nzige hao ndani ya maabara, akieleza kuwa mdudu mpole huwa mharibifu pale mbawa za wenzake zinapomgusa, na kwamba yeye anamtafuta nzige mwema atakayevunja mnyororo huo. Wazungu wengi walilicheka jambo hili, na ajabu ni kwamba hapo ndipo picha ilipokaribia ukweli. Boris Uvarov aliandika tangu mwaka 1921 kwamba nzige wa upweke na nzige wa makundi ni mdudu yule yule katika hali mbili, na kugusana katika msongamano ni miongoni mwa mambo yanayomgeuza. Mtu wa Bonde la Rukwa au wa Wembere, mahali ambapo nzige wekundu huzaliana na ambapo shirika la kuwadhibiti lilianza kupeleka watu wake tangu miaka ya 1940, hahitaji kufundishwa khofu ya wingu lile. Wala hahitaji mtu wa Samburu au Isiolo aliyeyaona malisho yakiliwa mwaka 2020. Kosa la Boorman halikuwa kuwachagua nzige. Kosa lake ni kwamba alikuwa na balaa ya kweli mkononi, inayoliacha shamba jeupe kwa asubuhi moja, akaigeuza fumbo la falsafa, na katika picha nzima hatuonyeshwi mkulima mmoja anayeomboleza mtama wake.

Na Afrika yenyewe haikuwamo. Makanisa yaliyochongwa miambani kwa mfano wa yale ya Lalibela, vijiji vya udongo, na mbingu ya rangi ya chungwa, vyote vilisimamishwa ndani ya studio za Burbank, California. Kokumo ni jina la Wayoruba, watu wa Nigeria, na mwenye jina amewekwa katika nchi ya makanisa ya Kihabeshi, kwa kuwa mtunzi aliona Afrika ni moja na jina lolote litafaa.

Exorcist II: The Heretic ilianza kuonyeshwa tarehe 17 Juni 1977, majuma matatu baada ya Star Wars, na hadhira iliyokuja kutishwa ikacheka. Blatty mwenyewe amesimulia kuwa katika ukumbi alimoitazama yeye ndiye aliyeanza kucheka. Boorman akairudia haraka haraka, akikata hapa na kubadili pale, hata zikawa zinatembea nakala zaidi ya moja za picha ile ile na hakuna iliyopona. Wamekuwapo walioitetea, na si watu wa kupuuzwa, maana Pauline Kael, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, aliisifu, na Martin Scorsese vilevile. Kwa heshima yao niliitazama tena nikiwa peke yangu. Nikakiri uzuri wa kuruka juu ya nchi pamoja na mdudu, na uzuri wa sauti za wanawake katika muziki wa Morricone. Kisha mashine ikaletwa, taa ikaanza kumeta, nikajikuta nacheka peke yangu.

Sehemu ya tatu, aliyoiongoza Blatty mwaka 1990 kutokana na kitabu chake Legion, naipitia kwa ufupi kwa sababu haikwenda Afrika wala haikuitambua ile ya pili kuwa imewahi kuwako. Ina ukumbi mmoja mrefu wa hospitali, usiku, kamera imesimama mbali bila kutikisika, muuguzi anaingia mlango huu na kutokea ule, hakuna muziki, na mtazamaji anaanza kustarehe, hadi kitu cheupe kinapotoka nyuma yake na mkasi mkubwa mkononi. Kwa kipande hicho tu ingestahili kusamehewa mengi. Wenye kampuni walimlazimisha Blatty aongeze tukio la kupunga pepo ambalo hakuwa ameliandika, padri mpya akabandikwa dakika za mwisho, na mshono wake unaonekana mpaka leo.

Baada ya hapo likarejewa lile neno la mwaka 1973. Kampuni ya Morgan Creek iliazimia kusimulia kazi ya kwanza ya Merrin huko Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mahali palipochaguliwa ni Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mchezo unadai kuwa limefukuliwa kanisa la Wabizanti lenye umri wa miaka elfu moja na mia tano. John Frankenheimer aliyepewa kazi alijiuzulu kwa ugonjwa, akafariki mwezi wa Julai mwaka 2002. Akaitwa Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, mtu aliyelelewa katika dini kali ya Kikalvini hata akaukaribia utu uzima kabla ya kuiona sinema yoyote, naye akapiga picha ya kimya kimya juu ya padri aliyepoteza imani, akimchezesha Stellan Skarsgård. Wenye mali wakaitazama wakaona haitishi. Hawakuikarabati, waliiweka kando, wakamwajiri Renny Harlin wa Finland, wakabadili hadithi na wachezaji wengi, wakamrudisha Skarsgård na mpiga picha Vittorio Storaro, na wakaitengeneza upya karibu yote. Ndiyo iliyotoka mwezi wa Agosti mwaka 2004 kwa jina la Exorcist: The Beginning, ina damu nyingi, kelele nyingi, na ikazomewa.

Turkana ya picha hizo ni jangwa la Moroko na kuta za studio za Roma. Turkana ya kweli, katika miaka ile, ilikuwa wilaya iliyofungwa na serikali ya kikoloni, haiingiwi bila ruhusa, na ukali wa nchi ndio uliowafanya Waingereza waione yafaa kuwa gereza, wakampeleka Jomo Kenyatta Lokitaung mwaka 1953. Na kama watunzi walitaka jambo la kufukuliwa, nchi hiyo haikuhitaji kuazima kanisa la Wagiriki: pana nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji yapata miaka elfu tano iliyopita karibu na ziwa, na pana Nariokotome, ambako Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya, aliokota mwaka 1984 kipande cha fuvu kilichoongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu nyuma. Mtoto wa Turkana katika picha ya Schrader ameitwa Cheche, jina la Kiswahili cha pwani, na anayemcheza ni Billy Crawford, mwimbaji aliyezaliwa Manila. Fisi nao, ambao Turkana wapo tele, walichorwa kwa kompyuta, na katika picha zote mbili wamechorwa vibaya kiasi kwamba mchungaji yeyote wa Lodwar angewafukuza kwa kofi.

Harlin aliposhindwa, kampuni ikaikumbuka ile ya kabatini. Schrader akapewa fedha kidogo za kuimalizia, Angelo Badalamenti akamtungia sehemu ya muziki, na mwezi wa Mei mwaka 2005 ikaonyeshwa katika majumba machache kwa jina la Dominion. Blatty, ambaye aliicheka ya pili na kuichukia ya Harlin, hii aliisifu. Ina upungufu mwingi, na fisi wake nimekwisha wataja. Lakini humo peke yake, katika picha zote tatu zilizozaliwa na neno lile, Waafrika wana sababu za kutenda watendayo: wanaliogopa kanisa, wanawaogopa askari wa Kiingereza kuliko kanisa, na mwenye bunduki anamwaga damu kwa namna ile ile ambayo Merrin aliishuhudia Uholanzi chini ya Wajerumani mwaka 1944. Msomaji mwenye usiku mmoja tu wa kupoteza na atazame ya Harlin jioni, kisha ya Schrader baada yake, uso ule ule wa Skarsgård na taa zile zile za Storaro, na aanze na ya Harlin, kwa sababu akianza na ya Schrader hataimaliza ile nyingine.